Kitanda cha Hilaria Kilichokwama Mpakani

Haya ninayoyaandika hutayaamini, na wala sikulaumu. Hata mimi niliyekuwepo kuna asubuhi naamka nikijiuliza, hivi Primus, kweli uliona ng'ombe wanatumika kama wakalimani na kitanda kinapanda mlima kwa magurudumu? Niliona. Tena bila mimi kisingefika popote. Lakini habari zangu tuziache, maana nikianza kujisifu, karatasi za maduka yote ya Kirua Vunjo hazitatosha. Leo namsifu dada yangu Hilaria, na sifa nitakayobakisha mwishoni nitajipa mwenyewe.

Hilaria ni mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, na mpaka leo mgongo ukimuuma analitaja jina langu badala ya kumtaja daktari. Shule alimaliza darasa la saba. Mimi niliishia la sita kwa sababu la saba lilikuwa limejaa, usiwasikilize wanaosema vingine. Akaolewa hapa Kirua na marehemu shemeji yangu Eliezeri, mtu mpole aliyemwachia mambo matatu: kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye kahawa na migomba, mtoto wa kiume anayeitwa Lucky na wa kike anayeitwa Doris, na mdogo wake Jacob, jirani wa upande wa pili wa masale, ile mimea ya ua tunayowekea mipaka.

Kazi yake ni ng'ombe. Anao wawili, wanakula bandani kama wafalme, na yeye ndiye anayewateremkia majani kule chini na kuyapandisha kichwani. Maziwa anayapeleka kwenye kambi ya watalii iliyo kando ya barabara ya lami. Ukimwona na ndoo yake utadhani ni mwanamke wa kawaida. Si wa kawaida. Hilaria anapima. Anapima maziwa, anapima chumvi, anapima maneno ya padri kama yamezidi. Akikukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, anaijaza kata mpaka kwenye mstari, na mstari wenyewe anauona yeye peke yake.

"Dada, ongeza kidogo."

"Primus, mstari."

Basi huyo ndiye mtu ambaye Noeli ya mwaka juzi alidhalilika.

Unajua mwezi wa kumi na mbili huku kwetu unavyokuwa. Wachagga wote wanapanda nyumbani, hata wale ambao mwaka mzima wanasema wametokea Dar. Nyumba ya Hilaria ina vyumba vitatu. Kimoja chake, na viwili Doris anavijaza watoto. Doris anazaa kwa imani, Mungu ambariki. Lucky alipofika na mkewe Evelyn na watoto wao wawili, hapakuwa na pa kulala hata paka. Evelyn ni msichana mwenye adabu zake. Alipiga goti, akamwambia mkwewe kwa upole, "Mama, tusikusumbue, sisi tutalala mjini." Wakalala hotelini Moshi. Wakawa wanapanda asubuhi, wanakula, wanapiga picha kwenye kaburi la babu, na jua likielekea kuzama wanateremka.

Hilaria aliwapungia mkono mpaka walipoondoka. Ndipo akaniambia, "Primus, wajukuu wangu wananijia kama mabwana shamba. Wanakagua, wanaondoka."

Mwaka jana mvua za vuli zilipoanza, Lucky akapiga simu. Mimi nilikuwa pale pale nakunywa mtori wa ndizi, kwa hiyo nilisikia yote, na ambayo sikusikia niliyaelewa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba. Mnapanda lini?"

"Tarehe ishirini na tatu, Mungu akipenda. Sasa, Mama, Evelyn alikuwa anaulizia ile hoteli ya..."

"Hoteli ya nini?"

"Ya kulala, Mama."

"Hapa kitanda kipo."

"Kitanda kipi tena, na Doris na jeshi lake?"

"Lucky. Nimesema kitanda kipo. Mwambie mkwe wangu aje na mashuka yake."

Akakata simu. Nikaweka bakuli chini. "Dada, kitanda kipi?"

"Bado sijui," akasema, na akaenda kukamua.

Nikakaa na mtori wangu nikiwaza. Dada yangu, mwanamke anayepima chumvi, alikuwa ameahidi kitanda ambacho hakipo, katika chumba ambacho hakipo. Ningefanya mimi, sawa, mimi nimezoea. Lakini yeye?

Kujenga chumba haikuwezekana. Kihamba chake ukikizunguka haraka unakutana na mgongo wako mwenyewe. Huku kahawa aliyoipanda Eliezeri kwa mkono wake, huku migomba, huku banda, na kule Eliezeri mwenyewe amelala chini ya msalaba. Kwenye uwazi umebaki uwanja mmoja tu kando ya banda, na hapo ndipo anapoanika kahawa. Kilichotakiwa ni kitanda kinachojua kuja na kinachojua kuondoka.

Jibu alilipata kule kambini, akipeleka maziwa. Akarudi na ndoo tupu na macho yamejaa.

"Primus, nimeona wazee wawili wa Kizungu wanafunua trela lao kama mtu anayefunua mkeka. Kitanda huku, kitanda kule, paa la turubai katikati. Wamemaliza wakalikunja, likawa kasha."

"Ah, matrela ya kulala! Hayo nayajua sana. Nimeyaendesha."

"Wewe ulishika usukani lini?"

"Nilikaa karibu kabisa na dereva."

Akauza mtamba aliyekuwa wa tatu bandani. Habari ya bei haikuhusu, ila ujue kwamba mtamba yule alimlilia siku mbili, na mimi nilimlilia zaidi maana niliahidiwa maziwa yake.

Kabla ya kwenda kununua, akapima. Aliponda ganda la mgomba akasokota kamba, akaitandika kwenye uwanja wa kahawa, akafunga fundo kwenye urefu na fundo jingine kwenye upana. Mpaka hapo hata mainjinia wangemwamkia. Ikabaki njia. Njia ya kuingia kwake inatoka barabara ya gari na kupita mpakani, masale ya Hilaria kushoto, masale ya Jacob kulia, mpaka kwenye uwanja. Na njia, wanawake wa mteremko huu hawaipimi kwa kamba. Wanaipima kwa mzigo wa majani. Ukitaka kuingiza kabati utaulizwa, je, linazidi mzigo wa majani? Hilaria akafunga mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona, akajitwika, akapanda nao kutoka barabarani mpaka bandani. Mzigo ukapita ukinong'ona na masale huku na huku.

"Pakipita majani ya ng'ombe wawili," akasema akihema, "na trela litapita."

"Dada, pale hata treni inapita," nikasema mimi, na nilisema kwa sauti kubwa ili Jacob asikie.

Jacob alisikia ila hakujibu, kwa sababu yeye na Hilaria walikuwa hawasemeshani. Chanzo kilikuwa mgomba. Mgomba wa Hilaria uliokuwa mpakani uliangushwa na upepo, ukalala kwa Jacob na mkungu wake. Jacob akaupika ule mkungu. Hilaria akadai ndizi zake, Jacob akasema ndizi zimekuja zenyewe kumtembelea, na tangu hapo kimya. Lakini majirani hawawezi kuishi bila kupashana habari, kwa hiyo walikuwa wanapitishia kwa ng'ombe. Mabanda yao yanatazamana. Asubuhi unamsikia Jacob anamwambia ng'ombe wake, "Wewe, kuna watu hawajui kwamba leo maji yatakatika." Na Hilaria naye anamwambia wa kwake, "Mama yangu, kuna watu kikao chao cha jumuiya kimehamishiwa Alhamisi." Ng'ombe wale wanajua mambo ya parokia kuliko katekista.

Tukaenda mjini. Kule pembeni ya mji kuna kijana anaitwa Davis, anauza vitu vya makampuni ya safari yaliyofunga. Miwani ya jua, suruali yenye mifuko mpaka kwenye magoti. Akatupokea vizuri.

"Shikamoo Mama, shikamoo Mzee. Mnataka kwenda kupiga kambi wapi? Serengeti? Ngorongoro?"

"Kwangu," akasema Hilaria.

"Kwako wapi, Mama?"

"Nyumbani. Kwenye uwanja wa kahawa."

Davis akavua miwani.

Palikuwa na matrela matatu. La kwanza, ndugu yangu, lilikuwa si trela bali jimbo. Lina jiko, lina friji, lina bafu, lina kioo cha kujitazama mzima. Mimi nikaingia na sikutaka kutoka. Nilishajiona nimekaa mlangoni nimekunja nne, watu wa Kirua wakipita na kuniamkia.

"Dada, tunachukua hili."

Hilaria akatandika kamba. Urefu ulipita fundo lake.

"Ng'ombe tunaweza kuwahamisha," nikasema.

"Wahamie wapi?"

"Humu. Wao walale humu, sisi tulale bandani."

Akaikunja kamba yake. Akamgeukia Davis. "Baba, friji ya nini? Kirua mwezi wa saba baridi yote tunapewa bure. Jiko ninalo, choo ninacho, bafu ninalo. Mimi nataka kitanda chenye paa."

Davis akatuonyesha la pili, dogo, limeviringana kama kibuyu cha kupigia mtindi. Hili liliingia ndani ya mafundo yote na nafasi ikabaki. Hilaria akafungua mlango, akatazama ndani, akafunga.

"Wanalala wangapi?"

"Wawili, Mama, wakipendana."

"Wangu ni wanne, na wawili kati yao wanapigana mateke."

La tatu lilikuwa kasha la bati juu ya magurudumu mawili, kimo chake kinanifika kifuani. Mimi nililidharau waziwazi. Nikasema hili si trela, hili ni jeneza la tembo. Davis akafungua komeo, akavuta. Kitanda kikatoka kushoto kama droo, kingine kulia, kila kimoja na mguu wake wa chuma, na turubai likainuka juu. Hilaria akaniangalia, nikavua kofia.

"Hakuna mtu wa kulala, linakaa wapi?" akauliza.

"Mama, si unaliacha tu hapo hapo lilipo."

"Halafu kahawa nianike kichwani kwako?"

Davis akakuna kichwa chenyewe. Hilaria akamwambia alikunje tena, akalipima likiwa limekunjwa, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa taratibu. Litaingia chini ya mapaa ya banda kama kuku chini ya mama yake. Ndipo akavua viatu, akapanda kwenye kitanda cha kulia, akalala chali mikono kifuani.

"Primus, panda hicho kingine."

Nikapanda.

"Geuka."

Nikageuka.

"Piga chafya."

"Sina chafya, dada."

"Jifanye."

Nikapiga chafya ambayo bado inazungumzwa pale mjini. Trela likatulia kimya. Hilaria akashuka, akamwomba Davis ndoo ya maji, na kabla sijajua, akaimwaga yote juu ya turubai nikiwa ndani.

"Umelowa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Bega."

Akamtazama Davis. Davis akapanda mwenyewe na gundi akaliziba lile tundu, akamwagiwa ndoo ya pili akiwa ndani, akatoka mkavu. Biashara ikaisha hapo. Kijana aliniambia pembeni, "Mzee, huyu mama ni noma." Nikamwambia, ametoka kwangu.

Kulipandisha tulimpata Jackson, yule mwenye pikapu inayoteremsha ndizi sokoni. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili, mvua imenyesha usiku kucha, udongo wetu mwekundu umekuwa kama sabuni. Mimi nilitembea mbele nikiongoza. Ukinisikia nilivyokuwa napiga kelele ungedhani tunapandisha meli. "Njoo! Njoo! Kulia! Kulia yangu, siyo yako!" Tukaingia kwenye njia ya mpakani. Pikapu, ambayo ni nyembamba kama mwenyewe, ikapita. Trela likaingia mpaka katikati ya njia, likafanya *krrr*, likasimama.

Jackson akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka, mimi nikawa mwekundu kuanzia kofia mpaka kiatu. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mashina ya masale, manene kama mikono ya mwanamieleka, yalikuwa yamelishika magurudumu huku na huku.

Hilaria akainama akagusa gurudumu lililobanwa. Kisha akasema polepole, "Majani yanajikunja."

"Ndiyo, dada."

"Chuma hakijikunji."

"Hilo hata mimi nilitaka kukuambia."

Jackson akashuka na panga. "Mama Lucky, nikate mashina manne tu, tumemaliza."

"Weka panga chini!"

Alisema hivyo kwa sauti ambayo hata mimi niliweka chini fimbo yangu. Masale yale yalipandwa na babu wa Eliezeri na Jacob. Ukikata masale ya mpakani umetangaza vita, na vita yake wanarithishwa watoto. Jackson alilijua hilo, haraka tu ndiyo iliyomsahaulisha. Akaifungua pikapu kutoka kwenye trela, akatafuta pa kupenyea kwenye migomba, akaondoka kuwahi ndizi zake. Tukabaki sisi wawili na kasha la bati. Kesho yake Lucky alikuwa anafika, na kitanda kilikuwa kimekaa njiani kimefungwa kama kobe.

Jacob akatokea bandani kwake. Akalitazama lile bati. Akamgeukia ng'ombe wake.

"Wewe, muulize mwenye sanduku hili kama anahamia au anahama."

Ng'ombe wa Hilaria akatazama, akingojea ujumbe wa kurudisha. Haukuja. Hilaria alikuwa amekaa juu ya chuma cha kuvutia trela, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe nikamwona hajui la kupima.

"Primus," akasema, "nimemwambia mwanangu kitanda kipo."

"Tunaweza kumpigia, aweke tu hoteli mwaka huu."

"Mwaka huu watalala mjini. Mwaka kesho watalala Dar."

Nikafuta tope kwenye kofia yangu. Akainuka. Akakata jani moja la masale, jani tu, akalifuta tope kwa kanga yake. Nikaelewa tunakwenda wapi. Nikakimbilia ndani nikachukua kibuyu cha mbege, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Njiani nilikipunguza uzito kidogo kwa ajili ya utelezi.

"Hodi kwa Jacob."

"Karibu," Jacob akajibu, halafu akashtuka kwamba amejibu yeye mwenyewe, bila ng'ombe.

Hilaria akalitoa lile jani kwa mikono miwili. "Shemeji, nimekuja na masale."

Sasa wewe wa mbali ujue jambo moja. Kwetu ukiletewa masale hukatai. Hata awe amekuibia ng'ombe, akija na jani lile mkononi, unapokea na mambo yamekwisha. Jacob alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana uso wake ulikunjamana. Hakuweza kukataa, lakini hakuna sheria inayokataza kuuliza maswali.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani."

"Upande wa nani?"

"Katikati."

"Masale hayana katikati, Mama Lucky."

"Basi upande wangu."

"Lile shina la upande wako nililipandikiza mimi, mwaka ule kaka alipougua."

"Kwa hiyo nimekuomba radhi kwa jani lako. Lipokee, ni zuri, wewe ndiye uliyelipanda."

Mimi nikakohoa ili nisicheke. Jacob akaniangalia, akakitazama na kibuyu, akaona kilipofikia, akatikisa kichwa. Akalipokea jani, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Ule mkungu," akasema, akitazama chini, "haukuwa mtamu hata kidogo. Ulikuwa mchanga."

"Si nilikuambia ni mchanga!"

"Hukuniambia mimi. Ulimwambia ng'ombe."

Wakacheka. Nakuambia walicheka mpaka ng'ombe wote wawili wakanyanyua vichwa, bila shaka wakijua kazi imeisha.

Hilaria akamweleza kila kitu, simu, kitanda, mzigo wa majani. Jacob alisikiliza. Wanawe yeye wapo Mwanza na hawapandi siku hizi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akavaa buti, tukatoka. Tukasukuma watatu. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, trela halikusogea hata unywele. Jacob akalizunguka, akainama, akachungulia chini, akagonga bati.

"Kitu hiki kinafungukia wapi?"

"Pembeni," akasema Hilaria. "Huku na huku."

"Basi kifunguke."

Hilaria akamtazama. Masale ya pale Jacob huyapunguza yasizidi kiuno. "Kitanda kimoja kitaingia kwako, shemeji."

"Kwani nimesema nini?"

Tukafungua komeo, tukavuta. Kitanda cha kushoto kikatoka juu ya masale ya Hilaria, mguu wake wa chuma ukashuka kwenye magimbi. Cha kulia kikatoka juu ya masale ya Jacob, mguu wake ukashuka kwenye maharage. Turubai likainuka katikati. Hakuna shina lililokatwa. Kitanda cha wana wa ukoo kikawa kimekaa juu ya mpaka wa babu yao. Sasa ukitaka kwenda kwa Hilaria ilibidi upite uani kwa Jacob, na Jacob akasimama pale akiwakaribisha watu kama mwenye hoteli.

Lucky alifika kesho yake jioni, jua bado lipo. Akateremka kwenye gari, akaona, akasimama. "Mama, mbona mmejenga njiani?" Halafu akamwona Jacob, akasita, maana mwaka ule mwingine alikuwa amekatazwa kumwamkia. "Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Pitieni kwangu, huku ndiko mapokezi."

Evelyn akasogea na viatu vyake vya mjini, akilizunguka tope. Hilaria alikuwa amesimama kando, wima, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Evelyn akapandisha turubai, akachungulia. Akaweka kiganja juu ya godoro, akalibonyeza.

"Mama, hiki ndicho kitanda?"

"Ndicho. Kina paa. Nimelimwagia maji mwenyewe."

"Ndani alikuwa nani?"

"Primus. Alilowa bega, tundu likazibwa."

Evelyn akanitazama, akatazama bega langu, akacheka. Akamgeukia mumewe. "Lete yale mashuka yaliyo kwenye buti la gari."

Watoto walikuwa wamekwisha kupanda na kuanza ugomvi wa nani atalala kwa Bibi na nani atalala kwa Babu Jacob. Ukaamuliwa kwa zamu. Asubuhi Hilaria akapitisha mtori kwenye dirisha la kushoto, na Jacob, bila kuulizwa na mtu, akapitisha ndizi za maziwa kwenye dirisha la kulia. Wale watoto wakala kushoto, wakageuka, wakala kulia, na hawakumwambia mtu yeyote. Siku zote za sikukuu hakuna aliyelitaja neno hoteli. Ila Evelyn, wakati anasaidia kuchuja maziwa, aliuliza kama hana habari sana, "Mama, na Pasaka hili trela litakuwepo?"

Hilaria akajaza kikombe mpaka kwenye mstari, kisha, nimeona kwa macho yangu, akaupita.

Mwezi wa kwanza udongo ulipokauka, Jackson alilivuta kinyumenyume, na tuliliweka kwa Jacob, kwenye kibanda kilichokuwa na mashine ya kahawa ya zamani, kwa sababu njia ya kwake ni pana na kibanda kilikuwa kinakaa bure. Lile fundo la kamba la uwanja wa kahawa halikutumika hata mara moja. Lakini nisikuache ukidhani trela lile lilikuwa la watu wanne. Sikiliza lililotokea siku ya pili ya Noeli. Mvua ilinyesha kubwa, wageni waliokuja kula nyama wakashindwa kuondoka, na hapo ndipo trela lilipoonyesha uwezo wake. Waliingia watu ishirini na wawili, bila kuhesabu kwaya ya vijana, na mbuzi mmoja aliyeponea chupuchupu. Niliwapanga mimi mwenyewe, kichwa huku miguu kule, na nilipopiga mluzi wote wakageuka upande mmoja kwa pamoja. Trela likanyanyuka, likang'oka kwenye masale, likaanza kuteremka lenyewe kwa kasi kuelekea Chekereni, na mimi peke yangu nikalifukuza, nikalishika kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kata ya

"Primus! Hebu lete hiyo karatasi hapa kwa dada yako. Ishirini na wawili wapi? Walilala wanne. Na wewe siku hiyo hukuwepo kabisa, ulikwenda Sanya Juu kula nyama za watu."